Miaka Kumi na Mmoja ya Wastani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wote niliowahi kuwaongoza wanalijua hilo. Kwa hiyo asubuhi ile Dakta Wanu Massoud alipoingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, nilifungua mdomo nimkaripie. Nikaufunga. Wanu hakuwa mtu wa kuingia bila hodi. Tangu aje kazini alikuwa akisimama mlangoni, anasema "Shikamoo, Mzee," na anangoja niitikie ndipo aingize mguu. Siku ile shikamoo aliitoa akiwa ameshafika mezani, na mkononi alikuwa na barua yenye stempu ya Marekani.

"Mzee, wamechanganya mafaili," akasema.

Ilikuwa Novemba 1993. Nilikuwa mkuu wa kituo kidogo cha serikali cha utafiti wa minazi, njia ya kwenda Mwambani, nje kidogo ya mji wa Tanga. Nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu. Kituo chenyewe kilikuwa majengo matatu, Landrova moja isiyo na betri na friza moja ambayo, tangu mgao wa umeme uanze, ilikuwa kabati tu. Madukani mjini vitu vilikuwa vimejaa kuliko wakati wowote niliokumbuka. Kituoni kwetu hata karatasi tulikuwa tunagawana.

Nikamwambia Wanu akae. Nikaisoma ile barua mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yalikuwa yanaruka.

Habari yenyewe nilikuwa naijua nusu. Mwaka mmoja na ushei nyuma, profesa mmoja wa chuo kikuu cha Florida alimwambia Wanu kwamba Marekani imetunga sheria mpya. Mwanasayansi ambaye kazi yake inaonekana kuwapita wenzake kwa mbali anaweza kuomba ukaazi yeye mwenyewe, bila mwajiri wa kumwombea wala ndugu wa kumwalika. Anachotakiwa ni kuthibitisha: makala alizoandika, watu waliozitumia, barua za mabingwa wanaosema huyu si mtu wa kila siku. Wanu alikusanya hayo yote kimyakimya jioni baada ya kazi, na katibu wetu muhtasi, Mboni, akampigia chapa. Barua za mabingwa zilikuja tano, kutoka nchi tano. Mimi nilisikia kwa Mboni, nikajifanya sijasikia.

Na alikuwa na cha kuthibitisha. Kwa msiojua, kuna ugonjwa unaoua minazi pwani hii. Mnazi unadondosha nazi changa, makuti yanageuka manjano, kichwa kinaanguka, unabaki mlingoti. Ukishaona manjano umechelewa, maana ugonjwa umeshahamia kwa jirani. Wanu ndiye aliyegundua kwamba ukipasua karara, lile ganda gumu linalofunika ua la mnazi kabla halijachanua, utaona weusi kwenye ncha za ua miezi minne kabla ya jani lolote kubadilika. Mnazi ule ukiukata mapema, shamba linapona. Hakuhitaji mashine. Alihitaji panga, mkwezi na macho yake, na hesabu za miaka sita za minazi elfu mbili aliyoifuata kwa baiskeli kutoka Moa mpaka Pangani. Leo njia hiyo inatumika mpaka visiwa vya huko Karibiani.

Sasa idara ya uhamiaji ya Marekani ilikuwa inamwuliza swali. Mwanzo alikuwa ameeleza kwamba kazi ya kituo chetu imesimama juu yake, nao wakataka neno la mwajiri. Wanu akaandika makao makuu Dar es Salaam, akaomba wathibitishe, akawapa anwani ya kupeleka moja kwa moja. Karani wa huko, badala ya kuumiza kichwa kutunga barua, alitoa nakala za taarifa zake za siri za kila mwaka, akazigonga mihuri, akazitia posta. Taarifa kumi na moja. Marekani wakatafuta mtu akazitafsiri. Zote zilisema maneno yaleyale: mtumishi wa wastani, mtiifu, hana matatizo. Wakauliza, kwa adabu kabisa, imekuwaje mtu ambaye bosi wake mwenyewe anamwona wa wastani kwa miaka kumi na mmoja awe miongoni mwa wachache wa juu duniani katika fani yake. Alipewa siku themanini na nne kujibu. Posta ilikuwa imeshakula ishirini na sita.

"Akina Massoud ni wengi serikalini," Wanu alikuwa anasema. "Watakuwa wamechukua la mtu mwingine. Wewe ndiye unoniandikia kila mwaka, Mzee. Waambie tu kwamba si langu, nami nitaipeleka barua yako."

Alisema hivyo huku amenitazama usoni. Taarifa ya siri mtumishi haioni. Ndiyo maana ya siri. Wanu hakuwa na njia ya kujua nilichokuwa naandika, na haikumpitikia hata kidogo kwamba faili halikuchanganywa.

"Niachie barua," nikamwambia.

Nilikaa nayo siku nne.

Naomba nijieleze, si kwa kutaka kusamehewa. Mwaka 1981 nilikuwa na kijana anaitwa Rafaeli, mtaalamu wa udongo, kichwa ambacho sijakutana nacho tena mpaka alipokuja Wanu. Mwisho wa mwaka nikamjazia taarifa yake. Fomu ilikuwa na ngazi nne: bora sana, bora, wastani, hafifu. Nikaweka alama kwenye bora sana, na chini nikaandika nusu ukurasa wa sifa, nikijiona bosi mwema. Haikupita miezi mitatu telegramu ikaja: Rafaeli ahamie makao makuu mara moja. Walimpa meza na kalamu, akawa anaidhinisha vibali vya kuingiza mbolea ambayo haikuwepo nchini. Udongo hakuugusa tena. Nikalalamika kwa wakuu wenzangu wa vituo vya mikoani, wakanicheka. Mmoja akaniambia, "Wewe Timotheo, nani alikufundisha kumwandika mtu bora sana? Mtu unayemtaka, mwandike wastani. Wastani haombwi na mtu."

Wote walikuwa wanafanya hivyo. Wazembe tuliwaandika bora sana, tukaomba wahamishwe, na wengi walihamishwa kweli, ndiyo maana makao makuu yalikuwa vile yalivyokuwa. Wazuri tuliwaficha.

Wanu alikuja 1982, mwaka wa foleni za sabuni. Binti wa mkulima wa karafuu wa Pemba, mwembamba, ana sanduku la bati na darubini aliyonunua kwa fedha zake. Wiki ya pili aligombana na mkwezi wetu, Jumbe, juu ya mnazi gani umeanza kuugua. Wiki ya tatu nikawakuta wamekaa chini, Jumbe anamwonyesha ua lililopasuliwa naye anaandika. Nikajua nimepata mtu. Mwisho wa mwaka nikachukua fomu, nikaweka alama kwenye wastani, na niliona raha, kama mtu aliyefunga mlango vizuri kabla ya kulala.

Nikafanya hivyo mara kumi na moja. Akapata udakta wake mwaka 1987, mimi wastani. Wageni wakaja kutoka nje kumwona, mimi wastani. Kwa kuwa daraja linapandishwa kwa taarifa hizo, alibaki Mtafiti Daraja la Pili, huku vijana aliowafundisha kushika darubini wanampita. Nyumba za serikali Raskazone ni za daraja la kwanza, kwa hiyo yeye alipanga vyumba viwili Makorora na mama yake, choo uani. Hayo yote niliyaona. Nilijiambia kazi ni kubwa kuliko nyumba. Ni rahisi sana kusema hivyo ukiwa unakaa Raskazone.

Siku ya nne Mboni aliingia na waraka uliofika asubuhi hiyo kutoka makao makuu, akauweka mezani na hakuondoka. Mboni ni Mdigo wa Ngamiani, amekuwa na mimi miaka kumi na sita, na ananiogopa kwa kiasi anachotaka yeye.

"Soma aya ya tatu, Mzee."

Waraka ulikuwa wa kupunguza wafanyakazi. Kila kituo kitoe majina kabla ya Machi. Aya ya tatu ilisema waanze wale waliopata wastani au chini ya hapo kwa miaka mitano mfululizo.

"Kwetu ni nani huyo?" nikauliza, kama sijui.

"Mzee, zile bahasha za siri nani alikuwa anazitia gundi? Ni mimi. Na kabla ya kutia gundi mtu husoma. Dakta yuwafikiri faili limechanganywa. Miye kila akinitazama naona haya, na sikuandika mimi. Wewe walalaje?"

Nilimwambia atoke. Alitoka taratibu, akauacha mlango wazi. Nikakaa pale nikiona jambo lote lilivyo. Nikinyamaza, Wanu hataenda Marekani, na hapa atafukuzwa, wa kwanza kabisa. Nikiandika kwamba faili si lake, nitasema uongo ambao karani yeyote anaweza kuufumua kwa kutazama mwandiko wangu. Lililobaki lilikuwa kusema nilichofanya. Mkuu wa kituo kukiri kwamba amejaza uongo kwenye hati za serikali miaka kumi na mmoja, tena miezi saba kabla ya pensheni. Niliogopa, sitaficha. Mke wangu na mimi tulikuwa tunaijenga nyumba yetu Magila, na ilikuwa imefika kwenye linta tu, bado paa.

Nikaandika usiku na mchana wa Alhamisi, nikafuta, nikaandika. Nilichogundua ni kwamba kumsifu mtu nilikuwa nimesahau. Kila sentensi ilitaka kuishia kwenye mtiifu na hana matatizo. Ikabidi nijiulize kama mtoto wa shule: alifanya nini, lini, nani mwingine angeweza? Jibu la swali la mwisho lilikuwa fupi.

Ijumaa mchana nikampelekea rasimu wakili Khozema. Ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa la baba yake, Barabara ya Kumi na Mbili, ngazi za mbao zinazolia. Alikuwa kijana bado, mwenye kofia ile nyeupe yenye uzi wa dhahabu, na subira nisiyokuwa nayo mimi. Alisoma, akavua miwani.

"Mzee Timotheo, watambua hii ni nini? Si barua ya sifa hii. Ni kiapo kwamba uliidanganya serikali. Nakala lazima iende makao makuu. Pensheni yaweza kusimamishwa."

"Itawatosha Wamarekani?"

"Hii na barua zile tano? Sijui sheria yao, lakini nionavyo itawatosha. Dakta mwenyewe ashaisoma?"

"Yuaja saa tisa."

Akanitazama kidogo. "Hajui," akasema. Nilikuwa nimemwambia Wanu aje kwa wakili tutengeneze lile jambo la faili, na yeye akashukuru. Miaka mingi nimekuwa bosi, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia peke yangu, tukiwa wawili.

Alikuja na pochi ya karatasi zake kifuani, na maandazi kwenye gazeti kwa ajili ya wakili. Akatuamkia, akakaa karibu na dirisha. Khozema akaeleza kwamba kiapo husomwa kwa sauti mbele ya mwapaji kabla hajatia saini. Kisha akaanza.

"Mimi, Timotheo Semkiwa, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Raskazone, Tanga, naapa na kusema kama ifuatavyo. Kwamba tangu mwaka 1982 mpaka 1992 nilimjazia Dakta Wanu Massoud taarifa za siri kumi na moja, na zote zilisema ni mtumishi wa wastani. Kwamba taarifa hizo ni zake, na mwandiko ni wangu. Kwamba nilijua si kweli wakati naziandika. Kwamba nilifanya hivyo ili makao makuu wasimchukue. Kwamba katika miaka thelathini ya kazi, yeye ndiye mtafiti bora niliyewahi kufanya naye kazi, na hakuna wa pili aliyemkaribia."

Iliendelea kurasa mbili. Khozema alisoma kwa sauti ya mahakamani, isiyo na mwinuko, mimi nikitazama mikono yangu. Alipomaliza, kulikuwa na kelele za mtaani tu, watu wanapatana bei za mitumba chini. Wanu alikuwa hajasogea.

"Kumbe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Ulipokaa na Jumbe."

Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Hakulia, na hakupandisha sauti. Mimi ningemwelewa kama angepandisha.

"Niliomba daraja mara nne, Mzee. Mara ya kwanza nikasema serikali ndivyo ilivyo. Ya pili, ya tatu, vivyo hivyo. Mara ya nne nikajiambia, Wanu, huenda ndivyo ulivyo. Mtu hawezi kukataliwa mara nne na watu wote wakawa wamekosea. Ndipo nikamwandikia yule profesa. Sikumwomba kazi. Nilimwuliza kama ninalolifanya lina maana yoyote, nikome au niendelee." Akauachia mtandio. "Yeye ndiye alonambia habari za sheria ile. Miye nilikuwa siijui."

"Dakta, nilifanya hivyo ili ubaki."

"Mwaka themanini na tisa Wajerumani waliniandikia. Miaka mitatu, maabara yao, nyumba, mama yangu nende naye. Niliwajibu siwezi. Nikawaandikia kituo chetu ni kidogo na Mzee Timotheo ananitegemea. Barua yao nikaichana, sikumwonyesha mtu, nikaona wewe utahangaika bure." Akamgeukia Khozema. "Mwaka ule aliandika nini?"

Khozema alitazama orodha ya taarifa kwenye kiapo kana kwamba hakumbuki, maskini. "Wastani," akasema.

"Hukuwa na haja, Mzee," Wanu akaniambia. "Nilikuwa sitoki. Ungeniuliza tu."

Kwa mara ya kwanza tangu nipate akili sikuwa na hasira. Nilijisikia aibu, aibu ya mtu mzima, ambayo haina mahali pa kuipeleka. Karatasi ilikuwa mbele yangu. Nikitia saini, anaondoka. Na nilitambua, nikiwa na kalamu mkononi, kwamba hata dakika ile sehemu yangu fulani ilikuwa bado inatafuta njia ya kumzuia.

"Tia saini," Wanu akasema. "Siku zinakwisha."

Nikatia saini kurasa zote mbili. Khozema akagonga muhuri. Wanu akaipeleka posta mwenyewe, kwa rejista, kabla hawajafunga.

Makao makuu waliniandikia onyo la mistari mitatu, na pensheni hawakuigusa. Nadhani hakuna aliyesoma kiapo mpaka mwisho. Mwezi wa tatu orodha ya kupunguzwa kazi ilitoka, na jina la Dakta Wanu Massoud, ambalo mimi sikulipeleka, lilikuwa la kwanza kwa kituo chetu. Nilipiga simu Dar, nikagomba, wakaniambia wanafuata kumbukumbu zilizopo. Mwezi wa nne Marekani wakamjibu kwamba wamemkubali.

Aliondoka mwanzoni mwa Juni, yeye na mama yake. Siku ya mwisho alikuja kituoni kuaga. Jumbe alimletea madafu, Mboni alilia bila kujificha, vijana wa maabara wakapiga picha naye mbele ya friza. Kisha akaja mlangoni kwangu. Akabisha hodi, akasema shikamoo, akangoja niitikie.

Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nikasimama, nikampa mkono, nikamwambia, "Dakta, wewe ndiye mtafiti bora niliyewahi kufanya naye kazi." Maneno hayo yalikuwa yamekwenda Marekani na yamegongwa muhuri, lakini kinywani mwangu hayakuwa yamewahi kupita.

"Ahsante, Mzee," akasema. "Nilishayasikia kwa wakili."